Vidole Vinne Juu ya Mzinga

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa nane na nusu mchana, Bwana Sleyum bin Hamood atakabidhi funguo saba za Nyumba ya Picha, hapa Hamriya, na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ameitumikia nyumba hii kwa miaka thelathini na miwili kasoro miezi miwili. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa mvua, na mvua ya Maskati sote tunaijua.

Ukurasa wa Kiarabu wa jarida letu umeandikwa na Mkurugenzi, Bwana Hisham, na humo mtazikuta tarehe zote na vyeti vyote. Ukurasa huu wa Kiswahili aliuomba Mzee Sleyum mwenyewe. Aliomba pia niuandike mimi, Justus, fundi fremu, mtu wa Bukoba, ambaye maisha yangu yote sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya misumari. Alinipa sharti moja: nisimsifu mpaka niwe nimekwisha kulisema lile jambo. Wenzangu mnalijua ni jambo gani. Kwa ambao hamlijui, nitalisema lilivyo, na Mkurugenzi ameshalisoma akaniruhusu.

Mzee Sleyum alizaliwa Unguja mwaka 1965. Akiwa na miaka saba aliletwa Maskati na bibi yake, Bi Khole, pamoja na sanduku moja la nguo. Alisoma hapa, akawa karani bandarini, na tarehe mosi Septemba 1993 akaajiriwa na marehemu mwanzilishi wetu, mfanyabiashara wa Hamriya aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kukusanya picha halisi za maafisa wa mizinga wa karne ya kumi na tisa, zilizopigwa wakiwa vitani. Si wapanda farasi, si mabaharia, mizinga tu. Watu walipomuuliza kwa nini, alikuwa akijibu kwamba kamera za zamani zilimtaka mtu atulie, na hakuna askari aliyefunzwa kutulia kama mpiga mzinga. Hakuongeza kwamba hao hao ndio waliolengwa wa kwanza. Hilo alikuja kuliongeza Mzee Sleyum.

Siku alipoanza kazi, picha zilikuwa thelathini na nane. Leo ni mia mbili na kumi na nne. Kumi na tisa kati yake ni za Unguja, za siku chache za Agosti 1896, kabla manowari za Kiingereza hazijaipiga kasri ya Sultani kwa muda usiotimia dakika arubaini. Karibu zote kumi na tisa alizipata kwa kubisha hodi, nyumba kwa nyumba za watu waliotoka Unguja, kuanzia mtaa wa Al Khuwair mpaka Azaiba, akinywa kahawa ambayo daktari alishamkataza.

Alikuwa na kanuni mbili, na aliyeajiriwa hapa alizijua kabla hajaoneshwa choo kilipo. Ya kwanza ni mgongo kwanza. Picha ikiletwa, igeuze, usome karatasi, gundi, muhuri wa mpiga picha na mwandiko, ndipo umtazame mtu usoni. Alisema uso unakufanya uipende picha, na ukishaipenda huna tena macho. Kwa kanuni hiyo tulimwita Bwana Mgongo, kwa siri, na siri yenyewe aliijua tangu wiki ya kwanza. Mwaka 2009 bwana mmoja alituletea afisa wa mwaka 1870, sharubu safi, upanga safi. Mzee akaigeuza, akaguna, akairudisha, kisha akamwomba yule bwana autazame mkono wa kushoto wa afisa wake. Afisa alikuwa amevaa saa ya mkono. Bwana yule akacheka mwenyewe, akamaliza kahawa, akaondoka na afisa wake kwapani.

Kanuni ya pili ilikuwa kali zaidi. Hakuna picha inayopanda ukutani bila jina. Mzee Sleyum aliandika kibao cha kila afisa kwa mkono wake, jina, cheo, aina ya mzinga, na siku aliyokufa kama inajulikana. Ndiyo maana ukumbi wetu si mahali pa kujifurahisha. Wengi ukutani hawakufika miaka thelathini. Mmoja alikufa siku tisa baada ya kupigwa picha, mwingine siku hiyo hiyo, alasiri. Mwalimu mmoja aliyeleta darasa lake alimwomba apunguze vifo. Mzee akapunguza maneno, vifo akaviacha.

Sasa lile jambo.

Picha iliyokaa katikati ya ukuta wa Unguja kwa miaka yote hiyo ilitoka katika sanduku la Bi Khole. Ilimwonesha baba yake Bi Khole, Maan bin Sleyum, afisa wa mizinga, amesimama kando ya mzinga mbele ya kasri. Maan alipona katika zile dakika arubaini na aliishi kuzaa watoto, Bi Khole akiwa wa mwisho. Mzee Sleyum amepewa jina la baba wa Maan. Picha ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, kama inavyotarajiwa kwa karatasi ya miaka mia na zaidi, na kila mgeni aliambiwa kwamba hiyo ndiyo halisi, iliyovuka bahari ndani ya nguo.

Upande wa kulia wa picha ile, juu ya mtutu wa mzinga, paliweza kuonekana kitu. Watoto wa shule ndio waliokiona kila mara, na kila mara waliuliza: hivi vidole vinne ni vya nani? Mikono yote miwili ya Maan ilikuwa imeshika upanga. Mzee Sleyum alikuwa akijibu kwamba si vidole, ni doa la unyevu. Hata mimi nililiamini doa hilo, na niliibadilishia picha ile fremu mara tatu, bila hata siku moja kuifungua kadibodi yake ya nyuma.

Mwaka 1998, siku ya Alhamisi, alikuja mwanamke wa Tanga jina lake Kidawa. Alikuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Azaiba, na mwajiri wake alikuwa amempa nusu siku. Alikuwa na mkebe wa biskuti uliozibwa kwa utepe pande zote. Ndani ya mkebe mlikuwa na picha ile ile, kasri ile ile, mzinga ule ule, na Maan na upanga wake. Lakini kulia kwa Maan alisimama afisa wa pili, mtu mrefu mweusi, mwenye vifungo vyote vya koti vimefungwa, mkono wake umelazwa juu ya mtutu. Kidawa alisema huyo ni babu wa mama yake. Alisema aliuawa pale pale, kesho yake, na hana kaburi linalojulikana. Akalitaja jina lake. Hakutaka kuuza kitu. Alikuwa amesikia kwamba hapa majina yanaandikwa ukutani, na alitaka la babu yake liandikwe.

Siku ile Mzee Sleyum alianza na uso. Alimwona Maan, baba wa bibi yake, mkononi mwa mtu asiyemjua, na picha yenyewe ni safi, ya kijivu, mistari imekaza utadhani imetoka studio juzi. Ya Bi Khole ilikuwa ya kahawia, basi akaamua ya Bi Khole ndiyo ya kale na hii ndiyo nakala. Na kama ni nakala, huyu mtu wa pili katoka wapi? Akamwambia Kidawa kwa adabu, kwa sababu Mzee hajawahi kumkosea mtu adabu, kwamba studio za zamani zilikuwa na mchezo wa kubandika watu katika picha, na kwamba babu yake amebandikwa.

Jibu la Kidawa Mzee amenirudilia mara nyingi, na ninaliandika kama alivyonipa.

"Babu yangu hakubandikwa, bwana. Alisimama."

Akamwachia picha, akachukua mkebe mtupu, akaenda kuwahi gari la Azaiba. Mzee akagonga muhuri wa NAKALA kwenye karatasi ya kaki iliyofunika mgongo wa picha, hakuibandua karatasi hiyo kuona kilichomo chini yake, akaitia katika droo ya nakala. Nakala hazikuwa na daftari la majina. Aliandika tarehe na neno "Tanga", basi.

Ikakaa humo miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2023 Manal, mkuu wa kitengo chetu cha kuskani, alimaliza picha za ukutani na akaamua kuskani na droo ya nakala, kwa sababu ni mtu asiyeweza kuona droo ikakaa bila kazi. Alimfuata Ami Sleyum, kama anavyomwita, neno kwa neno, yaani mgongo kwanza. Akailowesha karatasi ya kaki kwa mvuke na kuibandua. Chini yake palikuwa na muhuri wa mpiga picha Mgoa wa Unguja, na kwa wino, kwa Kireno: Agosti 26, 1896, maafisa wawili wa mizinga. Akaitazama kwa lenzi. Karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, nyuzi zake zinaonekana, imegandishwa juu ya kadibodi, vyote vya wakati ule, na mkebe uliozibwa ndio ulioiweka safi. Kisha akaja karakana kwangu, akaniomba niishushe ya Bi Khole na kuifungua.

Niliifungua mimi mwenyewe. Ilikuwa nakala, karatasi nene ya miaka ya 1930, imepigwa kutoka picha nyingine na kukatwa upande wa kulia. Nani aliagiza mtu wa pili akatwe, hatujui. Bi Khole alikuwa bado binti mdogo wakati huo, na hakuna wa kumuuliza. Ila rangi ya kahawia tuliijua siku hiyo hiyo ilikotoka, maana kadibodi ilipofunguka karakana nzima ilinuka udi. Kila Ijumaa, kwa miaka hamsini, Bi Khole alikuwa akifukiza sanduku lake la nguo, na picha ilikuwa humo ndani ikivuta moshi pamoja na kanga. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba za Kizanzibari angeinusa na kutabasamu. Mzee Sleyum aliinusa kila alipoishika, na kwake ile ndiyo ilikuwa harufu ya ukweli.

Mimi na Manal tulikaa na jambo hili siku tatu. Tulikuwa waoga, sina neno jingine. Siku ya nne Manal aliiweka ile ya Kidawa mezani kwake, mgongo juu, akatoka. Mzee aliusoma mgongo. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri, na kahawa yake ikapoa, kitu ambacho sijakiona kabla wala baada. Nilipoingia kuchukua kikombe alikuwa ameuweka mkono wake juu ya muhuri wa NAKALA.

"Jina alinambia," alisema. "Sauti yake nnaisikia. Jina silisikii."

Mkurugenzi alimpenda mno hata hakutaka kumwona akiumia, akapendekeza zibadilishwe kimya kimya, ya Kidawa ipande, ya Bi Khole ishuke, na hapana haja ya matangazo kwa mtu aliyebakisha miaka miwili kustaafu. Mzee akakataa. Ndugu zake nao walipiga simu kutoka Al Khuwair kumlaumu kwamba anamvua nguo bibi yao hadharani. Akawaambia Bi Khole hana kosa, alipewa tu kile alichopewa, na kwamba aliyegonga muhuri ni yeye. Kisha akaomba likizo yake yote ya mwaka.

Alianzia Azaiba. Mwajiri wa zamani wa Kidawa alikuwa bado na kijitabu cha simu, na humo mlikuwa na anwani ya mtaa mmoja wa Tanga. Januari 2024 Mzee alisafiri na picha hiyo mkobani, na yeye ndiye mtu aliyekuwa akitukataza tusiipandishe picha halisi hata kwenye teksi. Kidawa alikuwa amefariki mwaka 2011. Alimkuta binti yake, mama wa makamo anayeshona nguo. Akamsimulia yote, akamwomba radhi, akamuuliza jina la babu.

Binti hakulijua. Alimwambia, bila hasira, na Mzee anasema angeifadhilisha hasira: "Mama akilitaja tulipokuwa wadogo. Aliporudi kutoka Maskati akaacha. Alisema wenye elimu wamesema si kweli."

Nimeyaandika maneno hayo mara moja na sitayarudia. Mzee wetu alirudi nayo, na tangu siku ile nimemwona akizeeka zaidi kuliko katika miaka kumi na tisa niliyofanya kazi naye. Mtu aliuawa mwaka 1896 akakosa kaburi. Akabaki na jina katika vinywa vya watoto wake zaidi ya miaka mia. Likaja kukatikia hapa kwetu, mezani, siku ya Alhamisi, mbele ya mtu aliyekuwa na kalamu mkononi.

Hajaacha kulitafuta. Kila siku saa nne, tunapokunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, tunamsomea majina, huenda akalitambua akilisikia. Manal ameyatoa katika hati za zamani za Unguja, mimi nimeomba mengine kwa rafiki zangu wa Tanga. Feruzi? Hapana. Mabruki? Hapana. Farjalla, Songoro, Almasi, Uledi? Anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema endeleeni. Madereva wanaopita kuleta mizigo wameshazoea, nao wanatupa yao. Mmoja alitoa jina la mkwe wake, tukacheka sote, na Mzee pia alicheka, kisha akaomba hata hilo lirudiwe polepole. Tumefika majina mia saba na kitu.

Ikabaki kanuni yake ya pili. Bila jina, picha haipandi. Zaidi ya mwaka mzima ya Kidawa ilikaa kabatini, na katikati ya ukuta wa Unguja pakabaki mraba mweupe, wageni wakiuliza kumetokea nini. Nilimwambia mwezi uliopita, nikiwa na bisibisi mkononi, kwamba kanuni aliitunga yeye na kwamba afisa huyu ameshasubiri drooni miaka ishirini na mitano, sasa tunamsubirisha kabatini. Kesho yake aliniletea maneno ya kibao.

Wiki iliyopita tuliipandisha. Ya Bi Khole iko kwenye droo ya nakala, na muhuri ameugonga Mzee mwenyewe, akaifunga katika kitambaa safi kabla ya kuilaza. Kibao cha ile ya Kidawa kinasomeka hivi:

"Kushoto: Maan bin Sleyum, afisa wa mizinga. Kulia: afisa wa mizinga, aliyeuawa tarehe 27 Agosti 1896. Jina lake lililetwa katika nyumba hii mwaka 1998 na kitukuu wake, Kidawa. Hatukuliandika."

Nilimwambia aandike "halikuandikwa", ingekuwa laini kidogo. Akasema laini ya nini.

Basi sharti nimelitimiza, sasa niachiwe nimsifu. Mzee Sleyum ndiye aliyenifundisha kukata kadibodi bila kuiumiza picha. Ndiye aliyesimama kortini kunitetea nilipokuwa na shida ya karatasi za kazi, akavaa na bisht, lile joho la sherehe, siku hiyo utadhani naozwa. Amekusanya sura mia moja sabini na sita za watu ambao ulimwengu ulishawamaliza, akazirudishia majina na siku zake, moja moja, kwa subira isiyo ya kawaida. Moja ilimponyoka, na angeweza kutuficha sote na kwenda nyumbani na saa ya ukutani ya kumuaga. Saa hiyo ameikataa. Amesema tulichokusanya kwa ajili yake kiende kuchapisha picha ya wale maafisa wawili, nzima, bila kukatwa, na ipelekwe Tanga kwa yule mama mshonaji.

Mzee, sisi wa Nyumba ya Picha tunakushukuru kwa yote, pamoja na hili gumu ulilotufundisha mwisho. Mungu akupe afya, mapumziko na wajukuu wasumbufu, na kahawa moja kwa siku, si tatu. Saa nne ya chai kiti chako hakikaliwi na mtu, na majina tutaendelea kuyasoma.

Na jambo moja la ufundi, ulijue kabla hujaondoka. Vibao vyote mia mbili na kumi na vitatu nimevibandika kwa gundi. Hiki kimoja nimekifunga kwa skrubu mbili, na bisibisi yake naiacha karibu. Ukilisikia jina, piga simu.